KIDHIBITI JOTO CHA BANDA LA VIFARANGA: NAMNA YA KUKIFUNGA NA KUSAHIHISHA KIPIMO CHAKE

Maelezo kwa wafugaji wadogo wa Gairo na vijiji vya milimani

1. Sababu ya maelezo haya

Kifaranga aliyetotolewa leo hana nguvu ya kujipasha joto mwenyewe. Malaika yake ni mepesi, wala hayatoshi kuzuia baridi mpaka manyoya yamwotee. Katika siku hizo za kwanza humtegemea mama yake, aingie chini ya mbawa zake kila aonapo baridi. Mtetea mmoja aweza kulea vifaranga kumi au zaidi kidogo. Lakini mfugaji anayenunua vifaranga 50 kwa mara moja hana mtetea wa kuwafunika wote, basi hana budi kutengeneza mama mwingine, yaani banda dogo lenye joto, ambalo wafugaji wengi huliita bruda.

Gairo iko juu, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na vijiji vya milimani viko juu zaidi. Mchana jua ni kali, lakini usiku upepo huwa wa baridi, hasa wakati wa kipupwe, tangu Juni hata Agosti. Tofauti hii kati ya mchana na usiku ndiyo adui wa vifaranga. Mfugaji akiwasha taa kubwa na kuiacha, saa saba mchana vifaranga huhema kwa joto. Akitumia taa ndogo, saa kumi za usiku hurundikana pembeni, nao walio chini hufa kwa kukosa pumzi. Asubuhi huhesabu waliokufa na kusema, "Ni ugonjwa." Mara nyingi si ugonjwa, ni joto lisilo na mtawala.

Kidhibiti joto ndicho mtawala huyo. Huwasha taa joto lipunguapo na kuizima litoshapo, usiku na mchana, bila ya mtu kuamka. Lakini yakupasa kujua mambo mawili. Kwanza, kikifungwa vibaya chaweza kuua mtu au kuteketeza nyumba. Pili, kikiwa na kipimo kisicho sahihi, kitawaua vifaranga kwa utiifu mkubwa, kwa kuwa kitashika joto lile lile baya usiku kucha.

2. Fundisho la jirani zetu

Wazee wa Gairo hawakusahau habari za Kongwa, upande wa magharibi yetu. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza huko shamba kubwa mno la karanga. Yaliletwa matrekta mengi na fedha nyingi sana zikatumika. Lakini mvua ya nchi ile na ugumu wa udongo wake wakati wa kiangazi havikupimwa vya kutosha kabla ya kazi kuanza. Mwaka 1951 mpango ule uliachwa. Kosa lilikuwa kuanza kazi kabla ya kupima.

Bruda ya vifaranga 50 ni jambo dogo mbele ya shamba la Kongwa, lakini kwa mwenye nyumba mmoja hasara yake si ndogo. Kwa hiyo kanuni ya maelezo haya ni hii: pima kwanza, kisha amini.

3. Vitu vinavyohitajiwa

(a) Kidhibiti joto cha umeme wa volti 220 hadi 240. Kinachopatikana sana madukani ni kile kiitwacho STC-1000. Soma maandishi ya nyuma yake kabla ya kununua, maana viko vya volti 12, 24 na 110 vinavyofanana nacho kwa sura. Cha volti 12 kikitiwa katika umeme wa nyumba kitaungua mara moja.

(b) Kihisi joto, yaani waya mrefu wenye kichwa kidogo cheusi. Huuzwa pamoja na kidhibiti.

(c) Taa mbili za wati 100, zile za zamani zenye uzi wa waya ndani ya kioo, au taa nyekundu za kulelea vifaranga. Taa za LED hazifai kabisa kwa kazi hii: mwanga wanao, joto hawana la kutosha. Wengi wamedanganyika hapa, wakaona banda limejaa nuru na vifaranga wakafa kwa baridi.

(d) Holda mbili za taa zisizoyeyuka kwa joto, yaani za kauri.

(e) Waya laini wa nyuzi tatu, unene wa milimita mraba 1, na plagi ya miguu mitatu yenye fyuzi ya ampea 3.

(f) Kisanduku cha plastiki kigumu cha kufungia kidhibiti, bisibisi, na testa ya kupimia umeme.

(g) Kipimajoto cha hospitali, na chupa ya chai ihifadhiyo joto.

Kwa nini taa mbili wala si moja? Kwa sababu taa moja ikiungua usiku, ya pili itaokoa vifaranga mpaka asubuhi.

Hesabu ya umeme ni nyepesi. Gawa wati kwa volti, upate ampea. Taa mbili za wati 100 ni wati 200. Ukigawa kwa 230 wapata pungufu ya ampea 1. Kidhibiti hiki chaweza kubeba ampea 10, basi hakuna taabu. Na fyuzi ya ampea 3 yatosha. Usitie fyuzi ya ampea 13 kwa kuwa ndiyo iliyokuwapo dukani. Kazi ya fyuzi ni kukatika mapema. Fyuzi nene hungoja mpaka waya uwake moto.

4. Namna ya kufunga nyaya

Kama hujapata kushika kazi ya umeme, mwite fundi mwenye leseni, nawe usome maneno haya ili ujue akifanyacho. Kwa vyovyote, usiunganishe chochote plagi ikiwa ukutani.

Zijue rangi kwanza. Katika waya mpya, rangi ya kahawia ndiyo waya wa moto, buluu ni waya wa kurudi, na kijani chenye mstari wa manjano ni waya wa ardhi. Katika nyumba za zamani utakuta nyekundu kuwa waya wa moto, nyeusi wa kurudi, na kijani wa ardhi.

Nyuma ya kidhibiti pana matundu manane yenye skrubu, nayo yana namba. Linganisha na mchoro uliobandikwa juu yake. Ukitofautiana na maelezo haya, ufuate mchoro.

Kwanza: waya wa kahawia kutoka plagi utie katika tundu la 1.

Pili: waya wa buluu kutoka plagi utie katika tundu la 2. Hapo kidhibiti chenyewe kimepata chakula chake.

Tatu: nyuzi mbili za kihisi zitie katika matundu ya 3 na 4. Uzi upi uingie wapi si neno, yote ni sawa.

Nne: kata kipande kifupi cha waya wa kahawia, ukiunge kutoka tundu la 1 hadi tundu la 5. Wengi husahau kipande hiki, kisha hushangaa kuona namba zinang'aa na taa haziwaki. Matundu ya 5 na 6 hayatoi umeme yenyewe. Ni kama mlango tu. Lazima uulete umeme mlangoni.

Tano: kutoka tundu la 6 peleka waya wa kahawia kwenye holda zote mbili za taa.

Sita: waya wa buluu wa taa zote mbili uunge pamoja na buluu ya tundu la 2. Taa zifungwe sambamba, kila moja ikipata kahawia yake na buluu yake. Zikifungwa kwa kufuatana, moja baada ya nyingine, zitawaka hafifu bila joto la kutosha, na moja ikiungua zote huzimika.

Saba: waya wa ardhi uunge na kila kitu cha chuma: fremu, kinga ya wavu, na holda kama ina chuma.

Nane: matundu ya 7 na 8 ni ya mashine za kupooza. Yaache wazi.

Kaza kila skrubu, kisha vuta kila waya kidogo kwa mkono, ukitoka, haukukazwa. Weka kidhibiti ndani ya kisanduku, nje ya banda la vifaranga, mahali pasipofika maji wala vumbi la maranda. Nyumba yenye swichi ya usalama ikatayo umeme unapovuja, ya miliampea 30, ni salama zaidi. Kama huna, fikiri kuiweka, kwa maana bruda ni mahali pa maji, vumbi na watoto.

5. Kusahihisha kipimo

Kidhibiti kipya chaweza kukosea digrii moja, pengine zaidi. Kwa kupasha maji ya kuoga hili si kitu. Kwa kifaranga wa siku moja, digrii mbili au tatu ni tofauti kati ya kukua na kudhoofu. Basi kabla ya kununua vifaranga, lifanye jaribio hili kwa njia mbili. Kwanza kifunike kichwa cha kihisi kwa kifuko chembamba cha plastiki, ukifunge vizuri, maji yasiingie.

Jaribio la barafu. Ponda barafu, ijaze bilauri, kisha mimina maji safi kidogo, yatoshe tu kujaza nafasi katikati ya vipande. Koroga, ungoje dakika tano. Tumbukiza kihisi katikati, kisiguse kioo. Namba yapasa kuwa 0. Tumia maji yasiyo na chumvi. Kama maji ya kisima chako yana ladha ya chumvi, tumia ya mvua, na barafu pia itokane na maji hayo. Chumvi hushusha baridi chini ya 0, nawe utadhani kidhibiti kimekosea kumbe ni maji.

Jaribio la maji ya uvuguvugu. Hili ndilo kubwa, kwa sababu liko karibu na joto la kazi yetu. Tia katika chupa ya chai maji yenye joto la mwili wa mtu aliye mzima, kadiri ya digrii 37 za Sentigredi. Tumbukiza pamoja kihisi na ncha ya kipimajoto cha hospitali, vikaribiane. Koroga polepole. Kipimajoto kikitoa sauti, soma vyote viwili wakati huo huo na kuandika. Rudia mara tatu.

Mfano. Kipimajoto chasema 37.0, na kidhibiti chasema 38.2. Maana yake kidhibiti huzidisha digrii 1.2. Toa 38.2 katika 37.0, upate kasoro 1.2, yaani −1.2. Kama kidhibiti kingesema 36.4, ungepata 0.6, nayo ungeijumlisha. Kanuni ni moja daima: kipimo cha kweli, toa kipimo cha kidhibiti.

Ikiwa kosa la barafu na kosa la uvuguvugu hayalingani, lifuate la uvuguvugu. Hatulei vifaranga katika barafu.

Watu wengine hupenda kujaribu kwa maji yachemkayo, kwa kuwa wamesoma shuleni ya kwamba maji huchemka kwa digrii 100. Hayo ni kweli pwani, Dar es Salaam na Tanga. Kadiri upandavyo mlima hewa hupungua uzito, na maji huchemka mapema. Penye kimo cha mita 1,200 huchemka kwa kadiri ya digrii 96. Mtu wa milimani akisahihisha kidhibiti kwa kuyaamini maji ya kuchemka, atakitia kosa la digrii nne ambalo hakikuwa nalo.

6. Kutia namba

Bonyeza kitufe cha S kwa sekunde tatu, mpaka namba F1 itokee. Utaona mambo manne.

F1 ni joto unalolitaka. Tia 33.0 kwa juma la kwanza.

F2 ni nafasi kati ya kuzima na kuwasha. Tia 1.0. Hapo taa zitazimika kwa 33 na kuwaka tena kwa 32. Ukitia nafasi ndogo mno, taa zitawaka na kuzimika kila mara, na swichi ya ndani itachakaa upesi. Ukitia kubwa mno, vifaranga wataona baridi na joto kwa zamu.

F3 ni ya kukawiza mashine ya kupooza. Isikushughulishe.

F4 ni masahihisho. Hapa ndipo utakapotia ile −1.2 ya mfano wetu, au namba yako mwenyewe.

Ukimaliza, rudia jaribio la uvuguvugu mara moja. Sasa vyote viwili vyapasa kusema neno moja.

7. Kupanga banda

Banda la urefu wa mita 1.2 na upana wa mita 1 latosha vifaranga 50 katika majuma mawili ya kwanza, baadaye lipanue. Taa ziwe upande mmoja, si katikati, ili upande wa pili uwe wa poa. Jambo hili ni kinga kubwa: swichi ya ndani ikiganda na taa zikakataa kuzimika, vifaranga watapata pa kukimbilia. Banda lenye joto pande zote ni tanuri.

Taa itundikwe kwa mnyororo au waya wa chuma, kamwe isitundikwe kwa waya wake wa umeme. Isikaribie maranda kwa chini ya sentimita 30, nayo izungushiwe wavu, isianguke juu ya maranda makavu.

Kichwa cha kihisi kiwe sentimita 5 juu ya maranda, yaani kimo cha mgongo wa kifaranga, ukingoni mwa eneo la joto. Kisiwe chini ya taa kabisa, maana kitapashwa na miali yake na kuzima mapema, hali vifaranga waona baridi. Kisiwe juu karibu na paa, maana joto hupanda. Kifunge imara kwenye kijiti, vifaranga wasikisukume.

Wako wanaotumia mkeka au blanketi la umeme badala ya taa, kama lile la kupashia vitu karakanani. Laweza kufaa, likiwa limetengenezwa lisiingie maji. Hapo kihisi kilazwe juu ya blanketi, chini ya kitambaa chembamba, kwa kuwa twataka kujua joto la mahali kifaranga anapolala. Usilikunje kamwe: penye kunjo joto hujikusanya na kuunguza.

8. Usiku wa majaribio na majuma yafuatayo

Washa banda usiku mmoja mzima kabla ya kuleta vifaranga. Andika joto saa moja jioni, saa sita usiku, saa kumi na moja alfajiri, na saa nane mchana. Ikiwa alfajiri taa zawaka daima na joto halifiki 32, banda lapitisha upepo. Ziba nyufa za chini kwa magunia, ukiacha tundu la hewa juu.

Kisha ushushe F1 digrii 3 kila juma: juma la kwanza 33, la pili 30, la tatu 27, la nne 24. Baada ya hapo tazama manyoya na hali ya usiku. Wakati wa kipupwe usifanye haraka kuondoa taa.

Pamoja na namba zote, watazame vifaranga wenyewe. Wakirundikana chini ya taa na kulia kwa sauti kali, waona baridi. Wakikimbilia mbali, mbawa wazi na midomo wazi, waona joto. Wakibanana upande mmoja tu, kuna upepo uingiao. Wakitawanyika, wengine wakila na wengine wakilala, hali ni njema. Watu wa Misri walitotolesha mayai kwa matanuri karne nyingi bila kipimajoto, wakilipima yai kwa kuligusisha kope la jicho. Chombo ni msaidizi wa macho yako, si badala yake.

9. Umeme ukikatika

Yakupasa kujiandaa. Weka tayari chupa za plastiki nne au tano; umeme ukikatika zijaze maji ya moto, uzifunge kwa nguo, uzipange ndani ya banda, kisha ulifunike kwa blanketi ukiacha pa kupitia hewa. Zibadilishe zikipoa. Usitie jiko la mkaa ndani ya banda au chumba kilichofungwa: moshi wake usioonekana huua vifaranga, na mtu alalaye humo pia.

Mwenye umeme wa jua asidanganyike. Betri ya volti 12 na ampea 100 kwa saa ina kadiri ya wati 1,200 kwa saa, na haifai kutumia zaidi ya nusu, isiharibike. Nusu hiyo huwasha taa moja ya wati 100 kwa saa sita tu. Kwa mtu huyo, chupa za maji ya moto na mtetea mwema ni bora kuliko taa.

Kwa umeme wa kawaida, taa mbili zikiwaka siku nzima hula uniti 4.8. Kidhibiti kikiziwasha nusu ya wakati, hula 2.4. Hivyo chombo hiki huokoa vifaranga na fedha pamoja.

10. Mambo ya kukumbuka

Fyuzi iwe ndogo. Waya wa moto upite katika tundu la 5 na 6. Sahihisha kwa maji ya uvuguvugu, si kwa maji ya kuchemka. Kihisi kiwe kimo cha mgongo wa kifaranga. Upande mmoja wa banda uwe wa poa. Jaribu usiku mmoja kabla ya kununua.

Mwisho, uwe na daftari. Andika kila siku joto la alfajiri, idadi ya waliokufa, na mabadiliko uliyofanya. Kama vifaranga wafa na joto li sawa, mwonyeshe bwana mifugo daftari hilo; ataweza kutafuta ugonjwa bila kubahatisha. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.